Kapita wa Ndoto Zake Mwenyewe

Msiniulize alizaliwa wapi wala kabila lake lilikuwa lipi. Likasi, mji wa migodi wa Kongo, karibu kila mtu ametoka mahali pengine, na mkianza kuulizana hayo, bukari, ugali wetu, inapoa mezani. Mimi nilimjua akiwa tayari mzee, tayari mjane, na tayari amestaafu kazi ya kiwanda cha shaba, alikokuwa kapita, yaani msimamizi wa kundi la wafanyakazi. Kundi lilitawanyika zamani, ukapita ukabaki. Mtaa mzima ulimwita Kapita, padri alimwita Kapita, na binti yake mwenyewe, akiwa amekasirika, alimwita hivyo hivyo.

Nyumba zetu zilikuwa mbili chini ya paa moja, kama zilivyo nyingi katika makambi ya wafanyakazi, na ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba hivi kwamba akipiga chafya, mimi huku nilimwambia pole. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi ya masista, kwa hiyo aliniita Madamu. Nilijua anakula nini, anagombana na habari gani ya redio, na kwa bahati mbaya nilijua pia anaota nini. Kila alfajiri alitoa raporo. Kiwandani, zamu ikiisha, alimsimulia kwa sauti mwenzake wa zamu inayofuata yote yaliyotokea. Nyumbani hapakuwa na mwenzake wa zamu, basi aliusimulia ukuta, na nyuma ya ukuta nilikuwa mimi, na shuka kichwani.

"Nimelota niko nasukuma toroli bila viatu," ukuta uliambiwa asubuhi moja. "Na kamutoto kadogo njo kananipatia amri! Minye!"

Minye, yaani mimi, Kapita: hilo lilimuuma kweli. Tulipokutana bombani kuchota maji alikuwa bado anafoka. "Mu kazi nilikuwa kapita. Mu nyumba, kapita. Sasa juu ya nini mu ndoto niko kibarua?" Nilimwambia huenda kule hawajapata habari ya cheo chake. Hakucheka. Kapita alikuwa na ucheshi mwingi sana, lakini wote ulitoka kwake bila yeye kujua.

Mambo yangeishia hapo, mzee mmoja na toroli lake, kama isingekuwa sahani. Marehemu mke wake alianza kumjia usingizini na sahani ya bukari na sombe, yaani kisamvu. Hakusema neno, alimwekea tu. Na Kapita, kama mume yeyote anayewekewa chakula, alikula. Akaamka, akatoa raporo kwa sauti ile ile ya kiwandani, na siku hiyo binti yake alikuwa amelala pale na watoto.

Binti huyo aliuza nguo za mitumba kule Kamatanda, kati ya wachimbaji, na alisali katika kanisa moja la uamsho. Katika makanisa yale, kula ndotoni si jambo la kuchekwa. Anayekupa chakula usingizini anakupa sumu, na marehemu akikupa chakula, basi anakuita, ukila umeitika. Nilisikia sauti yake kupitia ukuta, imepanda juu kama ya mtu aliyeona nyoka chini ya meza.

"Papa, mama alikufa. Ile si mama! Ile kitu inakulisha kusudi ikubebe!"

"Sombe ilikuwa muzuri," alijibu baba yake. Mawe, mama wee! Yule mzee hakujua hata siku moja wakati wa kunyamaza.

Basi binti akatoa amri, na hapo ndipo nilipojua ukapita unarithiwa. Wajukuu wale wawili, wasichana, hawatakanyaga tena nyumba ile mpaka babu yao akatae sahani. "Siku utakataa, nitabaleta. Kama haukatae, hapana. Sitaki ile kitu ibaone." Akawashika mikono, wakaondoka. Wale wasichana walikuwa ndio watu pekee mjini Likasi walioweza kumvua Kapita kofia bila ruhusa. Jumamosi zilizofuata, siku walizozoea kuja, aliketi mlangoni na kofia yake kichwani saa zote, na mimi nilijikuta natafuta sababu za kutopita pale mbele.

Ndipo nikaleta simu yangu. Nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa maelezo marefu ya watu wanaojizoeza kujua, wakiwa ndani ya ndoto, kwamba wanaota. Ukishajua, wanasema, unaweza kuamua ufanye nini. Kumbe huko kwao watu wanajifunza hivyo kwa starehe tu, wapate kuruka angani au kucheza dansi na watu mashuhuri. Nilimtafsiria Kapita yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho, halafu akaniambia kuruka hakumhusu.

"Minye nataka tu kusema: hapana, aksanti. Basi."

Hapo nikaona sura ambayo vijana wake wa kiwandani walikuwa wakiiona kila asubuhi. Aliingia kazini. Sharti la kwanza lilikuwa kukumbuka ndoto: ukiamka usijigeuze wala usifikirie shughuli za siku, lala palepale uikusanye ndoto kabla haijatoroka. Hilo alikuwa amehitimu. Sharti la pili lilimfurahisha zaidi kuliko yote. Unaamka saa kumi alfajiri, unakaa macho kidogo, halafu unarudi kulala ukijiambia, "Nikilota, nitajua niko nalota." Kapita alikuwa ameamka saa hiyo maisha yake yote kwa ajili ya zamu ya kwanza, na maisha yake yote alitamani kurudi kitandani. "Hii kazi ni muzuri, Madamu," alisema. "Unaamka kusudi ulale."

Sharti la tatu lilituletea matatizo. Mwanafunzi wa mambo haya anatakiwa, mchana kutwa, ajipime kama yuko macho au anaota, ili mazoea yale yamfuate mpaka usingizini. Kapita aliita kipimo hicho kontrole. Alihesabu vidole kila alipovuka mlango, maana ndotoni vidole havitulii, vinaongezeka au vinayeyuka. Aliziba pua na kujaribu kuvuta pumzi, maana ndotoni, eti, pumzi inapita hata pua ikizibwa. Yote hayo aliyafanya hadharani, bila haya, na uso wa mtu anayekagua mashine.

Jumapili moja alifanya kontrole ya pua katikati ya mahubiri. Aliketi safu ya pili, kwa sababu kapita hakai nyuma. Padri aliona mzee wa parokia amebana pua huku anamtazama moja kwa moja, akapoteza maneno. Mama aliyekuwa kando ya Kapita alijinusa kwapa zote mbili, akahama benchi akiwa na machozi. Baada ya misa nilimsihi aende kuomba radhi. Alikwenda, akamwambia padri kwamba asijali, kipimo kimeonyesha kwamba mahubiri yalikuwa ya kweli. Padri alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyembana pua.

Lakini hiyo haikuwa kitu mbele ya habari ya swichi. Maelezo yale yalisema kwamba ndotoni taa hazitii: unabonyeza swichi na hakuna kinachotokea, na hiyo ndiyo dalili. Nilimtafsiria kama yalivyo, sikufikiri. Aliyeyaandika, bila shaka, anaishi mahali ambapo ukibonyeza swichi taa inawaka. Kapita alikwenda katika ofisi moja ya mjini kufuatilia karatasi yake ya pensheni, akasubiri asubuhi nzima, akachoka, akabonyeza swichi ya ukutani, taa haikuwaka. Bule. Akabonyeza tena. Bule. Akatabasamu, akainuka, akaenda kuketi juu ya meza ya mkuu wa ofisi.

Mimi sikuwepo, lakini walikuwepo watu wa mtaa wetu, na hadithi ilifika nyumbani kabla yake. Alimwambia yule mkubwa, kwa upole kabisa, "Weye uko ndoto yangu. Nikiamka, unaisha." Halafu akamweleza yote ambayo kila mstaafu wa Likasi angependa kumweleza mtu wa ofisi, tangu tumbo lake mpaka muhuri wake. Watu kwenye foleni walisahau kupumua. Yule mkubwa naye, sijui ni mchovu au ni mcheshi, alimjibu, "Muzee, kama ni ndoto yako, basi uniongezee mushahara." Kapita alihesabu vidole vyake hapo mezani. Vilikuwa vitano na vitano. Alishuka, akarekebisha kofia, akarudi kwenye benchi, na karatasi yake ikapatikana siku ileile. Tangu hapo swichi ilifutwa. "Kwa Likasi haifai," aliamua. "Ile kontrole ni ya bantu benye kuwa na kuran." Kuran, yaani umeme.

Binti alikuja kila Jumapili alasiri, akitoka kanisani, peke yake. Hakuingia. Alisimama mlangoni na mkoba wake kifuani, akauliza, "Papa, ulikula?" Naye Kapita, ambaye angeweza kusema "hapana" na kumaliza yote, alijibu, "Nilikula. Sikujua kama ni ndoto." Binti aliangalia chini, akaacha mfuko wa maharage au unga kizingitini, akaenda zake. Mimi nyuma ya ukuta nilikasirika mpaka nikapiga sufuria. Mtu anataka kuwaona wajukuu wake, na neno moja dogo linamshinda! Nilipomgombeza, aliniangalia kama mtoto wa darasa la kwanza. "Raporo ni raporo, Madamu. Kama unadanganya mu raporo, mwenzako wa zamu anakufa."

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na wala hayakumsumbua. Alisema, "Minye niko Mukatoliki, haya mambo ya kula mu ndoto ni ya beye ba uamsho," lakini kabla ya kulala alifanya ishara ya msalaba polepole, kwanza juu yake, kisha juu ya tumbo lake peke yake. Akaona pia kwamba aliyeshiba hawezi kushawishiwa na sahani, akaanza kula usiku mara mbili ya kawaida, bukari mlima mzima na samaki juu. Tumbo lilimsokota, na ndoto zikawa nyingi kuliko zamani. Na ingawa alizishughulikia ndoto zake kama mitambo ya bei ghali, za wengine alizidharau kabisa. Mimi nilimsimulia moja yangu, ndefu, ya mto na marehemu shangazi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo si ndoto," alisema. "Hiyo ni malaria."

Habari zilienea kwamba kuna mzee anayejifunza kutawala usingizi, na haikuchukua muda wachimbaji wakagonga mlango. Walikuja na vumbi la Kamatanda mpaka kwenye kope, wakaketi kwa adabu, wakamwita Papa. Walitaka aingie ndotoni awaangalizie tu, kidogo tu, mshipa wa kobalti unapita wapi. Mmoja alitaja hata Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani, kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu anajua kwamba kule kumefungwa na kila mtu anajua nani anakwenda. Kapita aliwapa maji ya kunywa, akawauliza kofia zao za kazi ziko wapi. Hawakuwa nazo. Aliwahubiria habari ya usalama kazini mpaka jua likahama, halafu akawafukuza. "Mu ndoto yangu hakuna kuchimba," alitangaza barabarani. "Munanisikia? Hata kama minye njo nalota!"

Siku alipofaulu mara ya kwanza, mtaa mzima ulijua. Nilikuwa nawasha jiko asubuhi niliposikia mngurumo, "NIKO MU NDOTO!" na papo hapo kitanda kikalia. Alikuwa amejiamsha mwenyewe. Alitoka nje akitetemeka kwa furaha na hasira pamoja, akaniambia vidole vyake vilikuwa saba, Madamu, saba, na hata sahani alikuwa bado hajaiona. Maelezo yalikuwa yameonya: ukijua unaota, usifurahi kupita kiasi, utaamka. Nilimkumbusha. Alisema alifikiri onyo hilo ni la vijana.

Mara iliyofuata hakushangilia. Alitoa amri. Aliona watu ndotoni, akawapigia kelele wajipange mstari na wavae kofia, nao wakamcheka, wakageuka moshi. Mara nyingine alimwamuru mke wake arudi na sahani yake alikotoka, na kabla hajamaliza sentensi nyumba yote ya ndotoni ilizimika, akabaki anakodolea dari. Hilo lilimtafakarisha siku nyingi. "Kule kelele haipite," aliniambia, na alikuwa na uso wa mtu aliyegundua kwamba chombo alichotumia maisha yote hakifai. "Unasema polepole, ndoto inabakia. Unapiga kelele, inakimbia."

Basi akaanza kujizoeza kusema polepole, mchana, kama alivyokuwa akijizoeza vidole. Jamani, mtaa uliingiwa na hofu. Alisalimia watu kwa sauti ya kawaida. Alimwambia muuza mikate "tafadhali". Majirani waliniuliza pembeni kama Kapita anaumwa. Binti yake naye alipomsikia Jumapili ile akisema, kwa upole, "Nilikula, mutoto yangu," aliweka mkono mdomoni. Aliona kwamba ile kitu imeshaanza kumbeba. Nilimwona akilia njia nzima mpaka kwenye kituo cha taksi-busi, naye si mwanamke wa kulia njiani. Siku ile nilielewa kwamba yule binti hakuwa mkatili. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa nimemcheka kwa miezi mingi nyuma ya ukuta wangu.

Baadaye shule ilinihamishia Lubumbashi. Nilihama haraka, na kabati langu la vyombo likabaki kwa Kapita, maana halikuenea kwenye gari. Sikurudi kulichukua mpaka msimu wa mvua uliofuata, Jumapili moja. Nilimkuta ameketi sebuleni amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe, mtulivu kupita kiasi. Tuliulizana habari. Halafu akaniambia kwamba juzi alfajiri alifaulu, mwanzo mpaka mwisho.

"Vidole vilikuwa vingi, sikuhesabu hata. Nilijua. Nikabakia kimya. Akakuya na sahani, akaiweka. Nikafungua kinywa nimuambie: hapana, aksanti." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Madamu, unajua, huyu mwanamuke hakuketi? Mu ndoa yetu yote. Anaweka sahani, anarudia ku moto. Anaweka, anarudia. Minye nakula peke yangu, kapita. Na mu ndoto pia, anaweka, anaanza kurudia. Na minye niko najua ni ndoto, ninaweza kusema kitu chochote. Nikamuambia: keti."

"Akaketi?"

"Akaketi. Tukakula sahani moja, mikono mbili. Nilimuangalia mpaka sombe ikaisha."

Niliona aibu kulia mbele ya kabati. Ndipo nilipochungulia dirishani na kumwona binti anakuja, na safari hii hakuwa peke yake. Wale wasichana wawili walikuwa naye, wamerefuka, wamevaa magauni ya kanisani. Aliwasimamisha barabarani, nje kabisa ya uzio, akawaonyesha kidole wasisogee. Nilielewa: yeye naye alikuwa amechoka. Alikuwa amewaleta ili baba yake awaone na apate nguvu ya kusema neno lile.

"Kapita," nilinong'ona, "leo useme ulikataa. Nakuomba. Ona, watoto wale pale. Neno moja tu!"

Aliwaangalia kwa muda mrefu kupitia dirisha. Mdogo alimpungia mkono, naye akampungia. Mkono wake ulibaki juu hata baada ya mtoto kushusha wake, nami nikajua kwamba atadanganya, na nikamshukuru Mungu.

Binti alisimama mlangoni na mkoba wake kifuani. "Papa, ulikula?"

"Nilikula," alisema Kapita. "Na nilijua ni ndoto. Nilijua kabisa. Nilimuambia mama yako aketi, tukakula."

Nilifumba macho nikangojea kelele. Hazikuja. Nilipofumbua, mkoba ulikuwa umeshuka mpaka magotini, na yule mwanamke mzima, mfanyabiashara wa Kamatanda asiyeogopa mchimbaji wala polisi, uso wake ulikuwa wa msichana wa shule.

"Alivaa nini?" aliuliza.

"Kile kitenge cha rangi ya majani. Kilipasuka pa bega, akakishona."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Alikuwa muzuri."

Binti alitikisa kichwa. "Na minye, Papa?" sauti ilimkatika. "Nasali kila siku. Nafunga. Kwangu hakukuya hata mara moja. Hata na maji tu. Juu ya nini anakuya kwako tu? Nilimufanya nini?"

Huko nje wale wasichana walikuwa wamekwisha kuvuka uzio, taratibu, bila aliyewaruhusu wala aliyewakataza. Kapita aliinuka, akavuta kiti chake mwenyewe, akakisogeza mbele ya binti yake.

"Keti, mutoto yangu," alisema polepole. "Uniambie kwanza: unalalaka saa ngapi?"